Nyama ipo, makaa hakuna: jinsi ya kutoa kidogo sikukuu hii na kikafanya kazi

Krismasi moja ya miaka ya nyuma nilimpelekea jirani yangu kilo ya nyama. Tunakaa Walukuba hapa Jinja, Uganda, zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwanda, Mwacholi yuko ukuta mmoja na Msoga, kule Mnubi, huku Mjaluo, na kinachotuunganisha ni hiki hiki Kiswahili chetu cha kuokoteza. Jirani mwenyewe ni mama wa makamo, asubuhi anauza chapati, wajukuu wanne wako juu yake. Tarehe 25 saa nane mchana nabisha hodi na kaveera langu (mfuko wa plastiki) la nyama mkononi, najiona malaika kabisa. "Karibu mwanangu, pita." Napita, juu ya meza naona sahani imefunikwa na sahani nyingine, ndani nyama. Pembeni kaveera, nyama. Chini kwenye beseni nyama tena, ya watu wa kanisa. Halafu nje sigiri ya makaa iko katikati ya ua imepoa kama jiwe na watoto wanakula chapati ya jana na chai ya rangi.

Banange. Watu wanne tumeleta nyama na makaa hakuna aliyekumbuka, sasa mama wa watu ataanzaje kukwambia asante kwa nyama ila naomba na makaa? Hawezi, hata wewe usingeweza. Nilitoka mbio nikanunua makopo mawili ya makaa kwa dada wa pale kona, na saa kumi na moja ile nyama ikaiva, na mpaka leo nyumba ile wakinikumbuka hawataji kilo yangu ya nyama, wanataja makaa.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ya kutoa. Wadogo zangu wameniuliza mara nyingi nafanyaje na pesa kidogo hivi, maana mimi nauza mitumba, sina mshahara, ya sikukuu nikijibana sana inatoka elfu 60, bei ya kilo tatu za nyama hivi. Basi nimeandika hapa, mwenye elfu 20 achukue anachoweza, mwenye laki asijidanganye kwamba yake itafanya kazi bila mpango.

Hatua ya 1: daftari kwanza, pesa baadaye

Mwanzo wa Desemba, usingoje tarehe 20, kaa chini uandike majina. Siyo ya wanaokuomba, hao hawasahauliki, wenyewe wanajikumbusha. Andika watu unaopishana nao kila siku na hujawahi kuwasikia wakiomba kitu. Askari wa getini pale unapofanya kazi. Jjajja, yule mzee wa chumba cha mwisho. Kijana anayekubebea mzigo sokoni. Yule dada aliyejifungua mwezi wa kumi na hajaonekana nje tena. Mwaka wa kwanza mimi niliandika majina 20 nikashindwa vibaya, kila mtu alipata kitu kisichomsaidia, sijui kipande cha sabuni, sijui pipi za watoto. Majina matano au sita yanatosha, saba ni mengi. Ukurasa wa mwisho andika watoto wao ni wangapi na wako darasa la ngapi, utaona kazi yake Januari.

Halafu gawa pesa kwenye karatasi kabla hujaitoa mfukoni. Ya kwangu mwaka jana ilikaa hivi: makaa 10,000, deni la duka 12,000 (nitaeleza), nauli ya mtu mmoja 12,000, askari 6,000, wadi ya hospitali 5,000, na 15,000 nikaifunga kwenye leso ya Januari. Hiyo ya Januari utasikia mkono unawasha kuigusa. Usiiguse.

Hatua ya 2: jua kinachokosekana bila kumvua mtu nguo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukimuuliza mtu "unahitaji nini" atakwambia "tuko sawa, Mungu anasaidia", na ameshafunga mlango kwa heshima. Usiulize hivyo. Nenda umsalimie kama siku zote, kaa, kunywa maji ukipewa, na macho yako yafanye kazi. Sigiri imewaka leo? Mtungi wa maji umejaa au watoto wanatumwa kwa jirani? Taa wanatumia nini? Ongea mambo ya kawaida, mvua, bei ya sukari, shule zimefunga lini, mtu mwenyewe atasema tu katikati ya maneno mengine. Mimi huwa naanza na shida yangu, nasema "mwaka huu hata makaa yamenishinda, sijui nyinyi mnapikia nini", na hapo ndipo ukweli unatoka kwa sababu tumeshakuwa wawili wenye shida, siyo mmoja anayeombwa na mmoja anayeomba. Kitu kimoja usifanye, usiwaulize watoto. Mtoto atakwambia kila kitu na jioni atamwambia mama yake kwamba ulimuuliza.

Ukishindwa kabisa nenda dukani. Mwenye duka la mtaa anajua nyumba yako kuliko hata mchungaji. Ana lile daftari la madeni, kila jina na kilo yake ya posho (unga wa mahindi), nusu ya sukari, mafuta ya kupima. Mwaka jana nilienda saa za mchana wakati hakuna wateja, nikamwambia, "Mzee, mama nanihii ana deni lake hapa, nataka nilipunguze, lakini sitaki aniulize." Akacheka akafungua daftari, deni lilikuwa elfu 19 na mia 5. Nikatoa zile 12,000 na nikamwomba akate mstari mbele yangu, akaandika "imelipwa" na tarehe. Kwa nini mbele yangu? Usinielewe vibaya, mzee ni mwaminifu, ila Desemba ni Desemba na kichwa cha mtu kina mambo mengi. Alipokuja mama yule kukopa mchele wa sikukuu akidhani atafukuzwa, akaambiwa deni limebaki 7,500 na mchele achukue. Yaani elfu 12 ilimpa njia ya kukopa tena, na hiyo nyama ya kilo isiyofika ingempa nini?

Ila chagua mwenye duka asiye na mdomo. Kama ni yule wa kutangaza, acha, tafuta njia nyingine.

Hatua ya 3: wahi

Kila kitu kinapanda ukikaribia tarehe 25, hiyo hakuna mtu Uganda haijui. Nauli ndiyo mbaya zaidi, nenda Kisenyi au teksi paki yoyote Kampala tarehe 23 ujionee watu wamekaa juu ya magunia yao tangu alfajiri na kondakta anataja bei anayojisikia. Kwa hiyo kama unataka kumsaidia mtu kufika kwao, mpe nauli tarehe 15 au 16, aondoke mapema na watoto. Pesa ile ile tarehe 23 inamfikisha nusu ya njia.

Ukituma kwa simu kuna mambo mawili. La kwanza, weka na ya kutolea. Mtu wa kijijini ukimtumia 20,000 kamili hapati 20,000, kampuni inakata ada yake na serikali nayo tangu 2018 inakata 0.5% kwenye kutoa. Kakitu kadogo, lakini yeye ameshahesabu 20,000 kwa mchele na mafuta, na ile inayokatwa ndiyo ilikuwa chumvi na kiberiti. La pili, usitume tarehe 24 jioni. Kule kwetu kuna wakala mmoja tu senta nzima, na mkesha wa Krismasi kila mtoto wa Kampala amekumbuka mama yake saa ile ile, wakala anaishiwa pesa taslimu, shangazi yangu mwaka mmoja alishinda na pesa kwenye simu mpaka tarehe 27 wakati kuku wa jirani ananukia. Tuma tarehe 20 au 21. Na piga simu uongee, usitume tu na kunyamaza, kuna wazee ujumbe ukiingia hawajui ni wa nini.

Hatua ya 4: wanaofanya kazi siku yenyewe

Hii ni nyepesi. Askari wa getini anakula Krismasi mhogo baridi huku anafungulia wengine geti waende kwao. Mimi nilichemsha chai ya maziwa na tangawizi, nikajaza chupa, nikaongeza chapati mbili na kipande cha nyama, nikampelekea saa tatu usiku tarehe 24 maana mchana watu wengi wanamkumbuka kidogo lakini usiku hakuna. Akaniambia "madam leo umeniua". Nusu ya ile 6,000 ilibaki. Wa boda vilevile, siku hiyo usimkatie bei, kama ni elfu 2 lipa elfu 3, ni hivyo tu, hakuna cha kuandika zaidi.

Hatua ya 5: hospitali, na uulize kabla

Kwenye hospitali za serikali mgonjwa analishwa na watu wake, wanalala chini ya kitanda kwenye mkeka, wanapika, wanafua. Sasa kuna mgonjwa asiye na mtu. Siku za kawaida jirani wa kitanda anamgawia, sikukuu wadi inapungua, wanaoweza kutoka wanaruhusiwa kwenda nyumbani, anabaki yeye na ukuta.

Nilivyoharibu mara ya kwanza: nimebeba soda kubwa na keki nikaanza kugawa kitanda kwa kitanda kama kwenye arusi. Nesi akanikuta namiminia mzee mmoja glasi ya pili, akaipokea ile glasi polepole akaniambia, "Mama, huyu sukari yake asubuhi ilikuwa juu kabisa." Niliona aibu mpaka masikio. Kwa hiyo utaratibu ni huu, ingia umtafute nesi wa zamu, msalimie, mwambie nina kidogo, nani hana mtu na anaruhusiwa nini? Atakuonyesha vitanda viwili vitatu. Na usilete chakula kama hujaambiwa. Leta sabuni ya kufulia, karatasi ya choo, viwembe. Ukiweza kaa dakika 20 uongee na mtu, mkatie kucha, mfulie shuka. Kufua hakugharimu, mwaka jana sabuni ilikuwa 5,000 na ilifua shuka za watu watatu na ikabaki.

Hatua ya 6: damu, kama mfuko ni mtupu kabisa

Watu wengi hawaifikirii hii kama zawadi. Hapa Uganda damu nyingi inatolewa na wanafunzi, timu ya Uganda Blood Transfusion Services inaenda shuleni, watoto wanapanga foleni. Shule zikifunga Desemba ile foleni inakwisha, na hiyo hiyo Desemba ndiyo barabara zinajaa, madereva wamechoka, boda wamekunywa, na akina mama wanaozaa hawakufunga likizo. Kwa hiyo damu inapungua wakati inatakiwa zaidi.

Benki kubwa iko Nakasero pale Kampala, na za mikoa ziko Mbale, Gulu, Arua, Mbarara, Fort Portal na Kitovu karibu na Masaka, sehemu nyingine uliza hospitali kubwa ya mkoa wakwambie timu inakaa wapi. Kula vizuri asubuhi, kunywa maji mengi, usiende na njaa. Wanakupima kwanza, kisha chupa inajaa kama mililita 450, unapewa soda na biskuti unakaa kidogo. Mwanaume anaweza kurudi baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Nenda kabla ya tarehe 20, na chukua rafiki muoga, wawili mkicheka sindano inapita.

Hatua ya 7: sahani ya jirani, na nani amechinja

Walukuba Krismasi siyo ya Wakristo peke yao na Idi siyo ya Waislamu peke yao. Idi pilau inakuja kwangu, Krismasi kuku inaenda kwao, na sahani hairudi tupu, hata ukiweka ndizi mbili au ndimu. Lakini kuna kitu Wakristo tunakisahau: kuku uliyemchinja mwenyewe nyuma ya nyumba, jirani yako Mwislamu kwa kawaida hatakula. Atapokea, atasema asante, atampa mtu mwingine, na wewe hutajua kamwe. Kwa hiyo kabla ya kuchinja muite kijana wa Kiislamu jirani akuchinjie, dakika tatu tu, mpe shingo na maini au elfu moja ya soda. Nyama ya buchani mara nyingi imeshachinjwa na Mwislamu lakini uliza. Na sufuria iwe ambayo haijapikiwa nguruwe, hili nalo usijifanye hulijui.

Halafu kuna wasio na kijiji cha kwenda. Mtaa unapobaki mtupu tarehe 24, wote wamepanda teksi kwenda Kamuli, Tororo, Soroti, angalia milango iliyobaki wazi. Nchi hii ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengine wako makambini kama Nakivale na Bidi Bidi lakini wengi tu wanapanga chumba mjini, na Wakongo wanatusikia vizuri kwa hiki Kiswahili. Jirani yetu wa upande wa pili ni wa huko Kongo, mama na binti zake wawili. Usimpelekee sahani mlangoni halafu ugeuke, muite aje kula. Au mwambie apike yeye na wewe ulete viungo, huyu wetu alitupikia sombe (majani ya muhogo) na mawese, mume wangu akaongeza mara tatu, na tulibishana mpaka usiku kama ni "ugali" au "bugali". Mtu wa kupokea kila siku anachoka, mpe nafasi naye akulishe.

Picha

Sihesabu hii kama hatua. Usipige picha. Najua mtasema ni kuhamasisha wengine. Mpige picha mama yako amepokea kilo ya sukari kwa mikono miwili halafu iweke kwenye status watu 200 waione, uone kama atakupikia tena. Ukitaka ushahidi una lile daftari la majina.

Hatua ya 8: Januari

Sasa ile leso. Januari hakuna anayegawa kitu, wote tumerudi kutoka kijijini mifuko imetoboka, na shule zinafungua mwanzoni mwa Februari. Karo kila mtu anaiongelea, na ni kubwa, huwezi kuigusa na elfu 15. Lakini kuna ile karatasi ya rikwayamenti, vitu ambavyo shule inataka mtoto aje navyo: rimu ya karatasi, mifagio miwili, karatasi ya choo roli kadhaa, daftari, sabuni. Mtoto anaweza kuwa amelipiwa karo nusu na bado akarudishwa getini kwa sababu ya fagio. Fagio! Kitu cha elfu mbili tatu. Nimeona mtoto amesimama nje ya geti na begi mgongoni anachora chini kwa kidole cha mguu, wenzake wako ndani wanaimba, mama yake ameenda kutafuta fagio mtaani wakati kila duka limeshaishiwa fagio asubuhi ile.

Kwa hiyo wiki ya pili ya Januari, kabla ya bei kupanda, nunua mifagio miwili, karatasi ya choo, daftari chache. Rimu changeni na mtu, nusu kwa nusu. Usiulize nani anahitaji, umeshaandika Desemba kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari watoto ni wangapi na wako darasa la ngapi. Mpe mama, siyo mtoto, na mpe siku tatu kabla, apate muda wa kuziweka jina kama amezinunua mwenyewe.

Basi ndiyo hivyo. Mwaka huu nimeanza mapema zaidi, gunia zima la makaa tumechanga watu wanne, liko nyuma ya mlango wangu linachafua ukuta, na kila anayeingia ananiuliza kama nimeacha mitumba nimeanza kuuza makaa. Mama wa chapati naye alipita juzi kuazima chumvi. Akaliangalia gunia, akaniangalia mimi, akasema, "Mwanangu, mwaka huu nyama nani analeta?"